Kichocheo Hakiliwi, Basi Kwa Nini Tunakimwaga?

Kila mwanafunzi aliyepita kidato cha sayansi anaijua sentensi hii kwa moyo: kichocheo ni kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Tunaiandika kwenye mtihani na kupewa alama. Kisha saa nane mchana tunaingia maabara, tunamimina asidi ya salfuriki kwenye chupa ya mviringo, tunatengeneza esta yenye harufu ya matunda, tunaiua asidi kwa magadi soda, na tunaimwaga yote kwenye sinki. Asubuhi kichocheo hakiliwi. Jioni kimekwenda na maji. Na hakuna anayeuliza.

Nauliza mimi. Dai langu ni hili: namna tunavyofundishwa na tunavyokubali kufanya kemia ya kaboni katika vyuo vyetu inakanusha nadharia yake yenyewe, na inatugharimu kitu ambacho nchi kama Burundi haina cha kuchezea. Dawa ya jambo hili inajulikana kwa miaka mingi. Inaitwa kichocheo kilichoshikizwa kwenye polima. Si dawa ya kila ugonjwa, na nitasema pale inaposhindwa. Lakini kuendelea kana kwamba haipo ni uvivu, na uvivu huo tumeuvisha joho la mtaala.

Kwanza tuhesabu, maana ubishi usio na hesabu ni kelele. Chukua darasa la wanafunzi 60, waliogawanywa katika vikundi 15. Kila kikundi kinatumia mililita 2 za asidi ya salfuriki kali ya asilimia 98. Jumla ni mililita 30, yaani gramu 55 hivi. Ili kuiua asidi hiyo kabla ya kuimwaga unahitaji karibu gramu 93 za magadi soda, na unapata karibu gramu 78 za chumvi ya salfeti ya sodiamu, ambayo haina mnunuzi wala kazi. Hapo hujahesabu maji ya kusuuzia. Na esta yenyewe? Tunainusa, tunacheka kwamba inanukia kama pipi, nayo inamwagwa. Kwa hiyo somo zima limezalisha taka na alama za kwenye karatasi.

Sisemi kwamba gramu 78 za salfeti zitaua samaki. Hazitaua. Lakini maji ya Gitega hayaishii Gitega. Yanateremka hadi Ruvyironza, yanaingia Ruvubu, Ruvubu unaingia Kagera, Kagera unaingia Ziwa Viktoria, na kutoka hapo ni Nili mpaka Misri. Sisi tunaoishi huku juu, karibu na chemchemi ya kusini kabisa ya mto huo, ndio tungekuwa wa mwisho kusema kwamba sinki ni mahali pa kusahau vitu. Na hatari kubwa zaidi si salfeti hiyo. Ni mazoea. Mwanafunzi anayemwaga leo ndiye mwalimu wa sekondari wa kesho, ndiye mkemia wa kiwanda cha sabuni au cha rangi kesho kutwa. Akifika kiwandani hatamwaga mililita 30. Atamwaga mapipa, kwa mkono uleule na kwa dhamiri ileile tuliyomlea nayo hapa.

Sasa nieleze kitu chenyewe, kwa ajili ya wenzangu wasiosoma kemia. Kichocheo cha kawaida kama asidi ya salfuriki huyeyuka ndani ya mchanganyiko kama chumvi ndani ya mchuzi. Kazi ikiisha, huwezi kuitoa chumvi kwa kijiko. Wakemia wakafikiri hivi: badala ya kuiacha asidi iogelee huru, tuifunge kwenye kitu kigumu kisichoyeyuka. Kitu hicho ni polima, mara nyingi polistairini, ambayo minyororo yake imefungamanishwa kwa divinailibenzini ili isiyeyuke kwenye pombe wala kwenye mafuta. Juu ya minyororo hiyo yanabandikwa makundi ya asidi ya salfoniki. Matokeo yake ni punje ndogo kuliko mbegu za ulezi, ambazo kila moja imebeba asidi ndani yake. Unazitia kwenye mchanganyiko, zinafanya kazi, unachuja, unaziosha, unazikausha, unazirudisha kwenye kopo. Mchuzi umebaki bila chumvi na chumvi iko mkononi.

Hili si jambo la jana. Mwaka 1935 Adams na Holmes, wakemia wawili wa Uingereza, walionyesha kwamba resini iliyotengenezwa na binadamu inaweza kubadilishana ioni na maji. Mwaka 1963 Bruce Merrifield wa Marekani alichapisha njia ya kujenga peptidi hatua kwa hatua juu ya punje za polistairini, akiosha na kuchuja badala ya kusafisha kwa taabu kila hatua. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1984. Resini za asidi kama Amberlyst-15 zimekuwa viwandani kwa miongo mingi: zinaunganisha methanoli na isobutini kutengeneza kiungo cha petroli kiitwacho MTBE, na zinaunganisha fenoli na asetoni kutengeneza bisfenoli A. Maana yake ni kwamba mabepari wa mafuta, ambao hakuna anayewashuku kwa upole kwa mazingira, waliona zamani kwamba kumwaga kichocheo ni kumwaga fedha. Sisi tusio na fedha ndio bado tunamwaga.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeyasikia yote: kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, na mengine kutoka kwa wahadhiri ninaowaheshimu. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: "Kemia ya kijani ni anasa ya matajiri. Sisi tushibe kwanza, mazingira baadaye."

Hili ndilo jibu linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linageuza ukweli juu chini. Tazama asidi hiyo inatoka wapi. Sisi hatuna bandari ya bahari. Chupa ya asidi inashuka melini Dar es Salaam, inavuka Tanzania yote kwa lori, inaingia kwetu kupitia mpaka wa Kobero huko Muyinga, ndipo ifike Gitega. Kila kilomita ina gharama ya mafuta, na sote tunajua foleni za mafuta zilivyokuwa katika nchi hii tangu mwaka 2021. Kila chupa inalipiwa kwa fedha za kigeni, na sote tunajua zilivyo adimu. Tajiri ndiye anayeweza kumwaga kichocheo na kununua kingine kesho. Maskini hawezi. Kwa hiyo kutumia tena ni sera ya asiyekuwa na bandari wala dola, na wahenga walishasema: akiba haiozi. Mama anayehifadhi mafuta aliyokaangia sambusa hajasoma kanuni 12 za kemia ya kijani alizoandika Anastas na Warner mwaka 1998. Anajua bei ya mafuta tu, na hiyo inamtosha.

Na anasa iko wapi hasa? Nimepita katika maabara ambapo somo la vitendo liliahirishwa wiki baada ya wiki kwa sababu asidi imekwisha, na mwishowe tukafanya vitendo kwa kusomewa. Mhadhiri alisoma, sisi tukaandika: "rangi ikabadilika, harufu ikasikika." Harufu ya karatasi! Kama miaka miwili kabla ya hapo maabara hiyo ingenunua nusu kilo ya resini, wanafunzi wangenusa esta halisi. Hicho ndicho kilichoko mezani hapa. Ni kama tutakuwa wakemia waliowahi kufanya kemia, au wakemia waliowahi kuisikia.

Jibu la pili: "Resini ni ghali."

Ghali kwa kipimo gani? Gramu kwa gramu, ndiyo. Lakini hakuna anayenunua sufuria kwa kulinganisha bei yake na bei ya jani la mgomba, kwa sababu sufuria utaipikia miaka. Tuseme dozi moja ya resini inagharimu mara 20 ya dozi moja ya asidi. Katika kipindi cha 20 tumelingana, na kuanzia cha 21 tunapata faida, kabla hata ya kuhesabu magadi soda, maji na saa ya kusafisha. Kwa vikundi 15, gramu moja kila kikundi, tunahitaji gramu 15, kiasi kinachoingia kwenye kikombe cha kahawa.

Tena kuna njia fupi ambayo vyuo vyetu vinaipita kila siku bila kuiona. Mashine za kulainisha maji, zile zinazotumika kwenye boila za viwanda na kwenye hoteli kubwa, zimejaa resini ya ukoo huohuo: polistairini yenye makundi ya salfoniki. Tofauti ni kwamba resini hiyo imebeba sodiamu badala ya haidrojeni. Ipitishie asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, isuuze kwa maji safi mpaka maji yanayotoka yasigeuze rangi ya litimasi, ikaushe, na tayari una kichocheo cha asidi. Haitakuwa bora kama resini iliyotengenezwa mahususi kwa uchocheaji, maana punje zake hazina vinyweleo vikubwa na hutegemea kuvimba ndani ya pombe ndipo zifanye kazi. Na ikiwa imetumika muda mrefu itakuwa imejaa chuma cha kwenye maji na itahitaji kuoshwa sana. Lakini kwa kutengeneza esta katika ethanoli inafaa kufundishia. Chuo kinachodai hakina fedha kingeanza kwa kuandika barua moja kwa kiwanda kimoja kinachobadilisha resini yake.

Jibu la tatu: "Polima ni plastiki. Mnahubiri kijani huku mnaleta plastiki?"

Hili ni jibu la werevu, na nalipenda. Ni kweli kwamba nchi yetu ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2018, na ni kweli kwamba polistairini haiozi. Lakini kosa la mfuko ule lilikuwa kutumika dakika kumi na kutupwa kwa miaka mia. Ubaya haukuwa jina lake. Punje ya resini ni kinyume chake: thamani yake yote iko katika kutotupwa. Hata hivyo nakubali sehemu ya lawama. Punje zikikorogwa kwa kipande cha sumaku kinachosaga chini ya chupa, zinavunjika kuwa vumbi, na vumbi hilo linapenya kwenye karatasi ya kuchujia. Kwa hiyo anayetaka kutumia resini azitie ndani ya kifuko cha kitambaa kigumu au ndani ya bomba la glasi ambamo mchanganyiko unapita juu yake, na asizikoroge kama ugali. Na siku zikichoka kabisa, zikusanywe, zisiende sinki. Nikipinga kumwaga asidi siwezi kuruhusu kumwaga punje.

Tena polistairini si mzigo wa lazima. Mwaka 2005 watafiti wa Japani wakiongozwa na Michikazu Hara walichapisha katika jarida la Nature kazi ambayo kila mwanafunzi wa kemia nchini mwetu angepaswa kuijua. Walichoma sukari ya kawaida nusunusu bila hewa, mpaka ikawa kaboni nyeusi, kisha wakaibandika makundi ya salfoniki kwa asidi ya salfuriki. Wakapata unga mgumu, usioyeyuka, wenye asidi kali, uliogeuza asidi za mafuta kuwa biodizeli na ulioweza kutumika tena. Sukari! Sisi tuna sukari ya Moso. Tuna maganda ya kahawa ya Kayanza, Ngozi na Muyinga. Tuna makapi ya mpunga ya bonde la Imbo, ambayo majivu yake yamejaa silika. Mtu ataniambia kwamba hata hapo asidi ya salfuriki imetumika. Ndiyo, imetumika kutengeneza kichocheo mara moja, badala ya kutumika kila Jumanne. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Jibu la nne: "Mtaala na mtihani vinataka asidi ya salfuriki."

Mtaala unataka tuelewe jinsi esta inavyotengenezwa, jambo ambalo Fischer na Speier walilieleza mwaka 1895: asidi inampa protoni yule mwenye kaboni na oksijeni, pombe inashambulia, maji yanatoka. Protoni haijali kama imetoka kwenye kimiminika au kwenye punje. Tena kwa resini mwanafunzi anajifunza zaidi. Hebu tuwe wakweli kwa hesabu: mililita 2 za asidi kali zina protoni karibu mara 16 ya gramu moja ya Amberlyst-15. Kwa hiyo resini itakwenda polepole, utahitaji kupasha moto kiasi na kusubiri zaidi. Pia asidi kali hunyonya maji yanayotoka, na hivyo huvuta mmenyuko mbele, wakati maji hayo hayo huilegeza resini. Mwanafunzi akiona hayo kwa macho yake ndipo anaelewa tofauti kati ya kasi na msawazo: kichocheo hufikisha haraka pale ambapo mmenyuko ungefika, hakisogezi mwisho wa safari. Ukichanganya asidi ya siki na ethanoli sawa kwa sawa, utaishia karibu theluthi mbili ya esta, ukitumia kichocheo hiki au kile. Ukitaka zaidi, ongeza pombe au toa maji. Somo hili asidi kali hulificha, kwa sababu inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na hakuna anayeuliza ni ipi imefanya nini.

Baada ya kuwajibu wapinzani, sasa niwageukie wa upande wangu, maana huku nako kuna uongo.

Fungua makala yoyote inayosifu kichocheo kipya kilichoshikizwa kwenye polima. Karibu na mwisho utakuta sentensi kwamba kichocheo "kilitumika tena mara tano bila kupoteza nguvu kwa kiasi kikubwa". Wanafunzi wenzangu wanaisoma, wanainakili kwenye tasnifu, na mhadhiri anatia tiki. Hebu tuitazame. Kama kila mzunguko unapoteza asilimia 5 tu, baada ya mara tano imebaki asilimia 77, baada ya kumi asilimia 60, baada ya ishirini asilimia 36. Ni nani kati yetu angenunua baiskeli inayobaki na theluthi ya mwendo wake baada ya safari ishirini?

Kuna ujanja mwingine mbaya zaidi. Mtu anaacha mmenyuko uendelee usiku kucha, ilhali ungekwisha kwa saa moja. Asubuhi kichocheo kipya kimefika mwisho, na kichocheo kilichopoteza nusu ya nguvu nacho kimefika mwisho. Kwenye jedwali wote wawili wameandikiwa asilimia 98. Hiyo ni sawa na kusema mzee na kijana wana mbio sawa kwa sababu wote walikuwa wamefika sokoni kabla ya jua kuzama. Anayetaka kujua nguvu halisi apime kasi katika dakika za mwanzo, mzunguko wa kwanza na wa kumi.

Na ujanja wa tatu: metali au asidi kuvuja kutoka kwenye punje na kufanya kazi ikiwa huru ndani ya kimiminika. Hapo polima ni pambo tu. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine ya mamilioni: chuja mchanganyiko ungali wa moto kabla haujamaliza, kisha angalia kama kimiminika kilichochujwa kinaendelea kufanya mmenyuko chenyewe. Kikiendelea, kichocheo chako kimevuja. Tasnifu isiyo na kipimo hicho isiruhusiwe kuandika neno "kinatumika tena" kwenye jalada.

Mwisho, maji ya kuoshea. Roger Sheldon alipendekeza mwaka 1992 kipimo kinachoitwa kigezo cha E: kilo ngapi za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Alikuta viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli viko chini ya 0.1, na viwanda vya dawa viko kati ya 25 na zaidi ya 100. Sasa mtu akiokoa gramu moja ya kichocheo kwa kuiosha na mililita mia mbili za asetoni na dikloromethani, ameokoa nini? Amehamisha taka kutoka chupa moja kwenda nyingine. Kijani cha namna hiyo ni rangi ya ukutani tu.

Nasema haya kwa sababu naitaka hoja hii ishinde, na hoja yenye matobo haishindi.

Kisha tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya watu wa mbali. Mwaka 2001, jarida la Green Chemistry lilichapisha makala ya Mtanzania, Egid Mubofu, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kuhusu paladi iliyoshikizwa kwenye silika kwa ajili ya mmenyuko wa Suzuki. Silika si polima ya kaboni, lakini wazo ni lilelile: ifunge metali ya thamani mahali ambapo unaweza kuirudisha. Na paladi ni ya thamani kweli: Machi 2022 bei yake ilipita dola 3,000 kwa aunsi. Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendelea na jambo lililo karibu zaidi na shamba: mafuta ya maganda ya korosho, yenye asidi ya anakadi, kadanoli na kadoli. Kadanoli ikiunganishwa na fomaldehaidi hutoa polima ngumu inayotumika hata kwenye breki za magari. Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa zikiwa na maganda yake hadi India na Vietnam. Ganda linaondoka bure, na kemikali zake zinarudi kwa dola. Majirani zetu wana korosho, sisi tuna kahawa, makapi na mawese. Ugonjwa ni mmoja.

Nimetaja mawese, nayo yanastahili neno. Mafuta ya mawese yanayokamuliwa kwa mikono kule Rumonge, kando ya Tanganyika, mara nyingi huwa na asidi huru nyingi, kwa sababu matunda hukaa kabla ya kukamuliwa. Ukitaka kuyafanya biodizeli kwa njia inayofundishwa, yaani kwa soda kali, asidi hizo huru hugeuka sabuni na kuvuruga kila kitu. Hapo kitabu kinasema: tanguliza asidi ya salfuriki, kisha iue, kisha osha. Ndipo resini ya asidi inapopata kazi yake halisi: mafuta na pombe vinapita kwenye bomba lililojaa punje, asidi huru zinageuka esta, na hakuna cha kuua wala cha kuosha. Nchi inayopanga foleni ya mafuta ya magari ina wanafunzi wa kemia, ina mawese, na ina shida inayolingana kabisa na kichocheo hiki. Kinachokosekana ni mtu wa kuvikutanisha.

Kwa hiyo sidai maabara mpya wala mfadhili. Nadai mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa idara yoyote ya kemia tangu muhula ujao. Kwanza, somo la vitendo la kutengeneza esta lifanywe kwa resini, na asidi ya salfuriki ibaki kwa kikundi kimoja cha kulinganisha. Pili, kopo la resini liwe na daftari lake, na kila darasa liandike tarehe, idadi ya mizunguko na kasi iliyopatikana, ili darasa la mwaka 2030 lirithi takwimu za miaka badala ya kuanza upya. Tatu, tasnifu yoyote inayodai kichocheo kinatumika tena ionyeshe kipimo cha kuchuja kwa moto, kasi za mwanzo, na ujazo wa vimiminika vilivyotumika kuosha. Nne, kila ripoti ya vitendo, hata ya mwaka wa kwanza, iwe na mstari mmoja wa lazima chini ya matokeo, wenye swali hili: kichocheo kimekwenda wapi?

Wahadhiri wetu, swali hilo halihitaji bajeti. Linahitaji kalamu nyekundu na mtu wa kuirudisha ripoti ambayo mstari huo hauna kitu. Nasi wanafunzi tusingoje kulazimishwa. Atakayejibu "sinki" aandike hivyo kwa mkono wake, asaini, na apungukiwe alama. Baada ya ripoti tatu za namna hiyo, nina hakika darasa zima litajua resini inauzwa wapi.